Harusi za Kijana Wetu

Nianze na msimamo wangu ili tusisumbuane mbele ya safari: mimi sikukosea. Nilibonyeza Y, ikatoka Z. Mtu aliyebonyeza Y ikatoka Z ana hatia gani, jamani? Lakini kwenye ukoo wetu ukishachaguliwa katibu wa kamati ya harusi, kila lawama ina jina lako. Mvua ikinyesha siku ya sendoff, katibu alikuwa wapi?

Laptopu yangu ni ya mtumba, sifichi. Aliyeniuzia pale Kariakoo alinipigia hesabu ya ustaarabu: "Mzee wangu, hii imetumika Ujerumani. Wajerumani wanatunza vitu." Ni kweli imetunzwa. Haina hata mkwaruzo. Ila ukiitazama kibodi yake unaona kabisa kwamba haikuwa na mpango wa kuja Tanzania. Juu kushoto imeanza vizuri, Q, W, E, R, T, halafu pale wenzetu wanapokuta Y, mimi nimewekewa Z. Y yenyewe imesukumwa chini kwenye kona, jirani na Shift. Upande wa kulia kuna herufi zenye vitone kichwani, ü, ö na ä, na nyingine ß, ambayo mke wangu anaiita B yenye kitambi. Penye Ctrl wameandika Strg. Penye Delete, Entf. Penye Home, Pos1. Kuna fundi aliniapia kwamba Strg ni kifupi cha "storeji", nisiwe naibonyeza ovyo nitaijaza.

Pamoja na yote hayo, tulikuwa tunaishi kwa amani. Nabonyeza kilichoandikwa, kinatoka kilichoandikwa. Vitone sivihitaji, sivigusi. Kitambi sikihitaji, sikigusi.

Kisha ikaanza kuganda. Sasa wewe nenda na kompyuta inayoganda kwa fundi yeyote wa mji huu, dawa ni moja tu: tupige Windows, yaani kuiweka upya ile programu inayoiendesha. Inaganda, tupige Windows. Feni inalia, tupige Windows. Chaja imepotea, ngoja kwanza tupige Windows. Nikasema haya, piga. Akachomeka flashi, akawa anabofya "Next" huku anakula mihogo na kuangalia mpira kwenye simu. Palipoulizwa kibodi ni ya wapi, nina uhakika ndipo timu yake ilipofungwa, maana alibofya bila kugeuza macho. Kompyuta ikajibiwa kwamba mimi naishi na kibodi ya Marekani. Ikakubali. Mashine haina macho ya kujitazama kifuani.

Nikarudi nyumbani nimefurahi, laptopu inawaka upesi. Usiku huohuo nikakaa kuandika kadi za mchango wa harusi ya mpwa wangu, maana mwenyekiti alikuwa anapiga simu kila baada ya taarifa ya habari.

Nikaandika "Familia ya Mzee". Ikatoka "Familia za Myee". Nikafuta. Nikaandika tena kwa nguvu, kwa kubonyeza kwa hasira, eti labda haikusikia. Myee. Nikaandika "maandalizi", ikatoka "maandaliyi". Nikaandika "kazi", nikaletewa "kayi". Nikaanza kuitilia shaka miwani.

Basi nikajipangia utaratibu wa kiutu uzima. Nikitaka Z nabonyeza Y, nikitaka Y nabonyeza Z. Ukiwa umetulia unaweza. Tatizo ni kwamba vidole vinatii kwa mistari miwili, mstari wa tatu vinarudi kwenye mazoea, na hapo unategemea macho yakuokoe. Myee macho yanaiona, inatisha yenyewe. Kayi unaiona. Lakini "za" utaionaje? "Za" ni neno halali, lina cheti chake cha kuzaliwa. Na ile programu ya kuandikia imewekewa Kiingereza, kwa hiyo kila neno la Kiswahili inalipigia mstari mwekundu chini, lililo sawa na lisilo sawa. Ukurasa mzima ulikuwa mwekundu kuanzia juu hadi chini. Ukinionyesha kosa kila mahali umenionyesha nini?

Z na Y bado zilikuwa na nafuu. Balaa lilikuwa kwenye alama. Kibodi imechorwa mkwaju (/) juu ya saba, na alama ya sawasawa juu ya sifuri. Nikaandika kiwango cha mchango, mtu mmoja 50,000/=, nikapata 50,000&). Nikabonyeza nukta mbili ili niandike saa 12:00 jioni, nikapewa 12>00. Nilipotafuta alama za kunukuu nilipata @, na nilipoitafuta @ pale ilipochorwa, kwenye Q, nilipata kimya. Kwenye bajeti ya chakula nikaandika ng'ombe wawili, wakatoka "ng|ombe", wamesimamishiwa nguzo katikati. Alama ya kuuliza nayo ikawa inatoa mstari wa chini, kwa hiyo hata kuuliza kunani nilikuwa nauliza hivi: kunani_

Kijana wa steshenari akazichapa kadi mia mbili bila kunung'unika. Yeye alidhani zile &) ni urembo.

Siku iliyofuata simu zikaanza. Shangazi alikuwa wa kwanza, anataka kujua ile alama baada ya elfu hamsini ni VAT au ni nini, na kama ni VAT yeye hatoi. Huyo nikammudu. Akafuata mjomba wa bibi harusi, kutoka Morogoro, mzee mwenye sauti ya taratibu ambayo ukiisikia unajua ameshaketi na wenzake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba katibu. Hamjambo huko? Kadi tumeipata."

"Ahsante mzee, tunashukuru."

"Sasa tunaomba utufafanulie kidogo. Hapa umeandika 'harusi za kijana wetu'. Sisi tulipokea posa moja. Mahari tulihesabu mara moja. Hizo harusi nyingine anaoa wapi?"

Nikamwambia mzee, ni kibodi. Kukawa kimya. Unajua kuna maneno ambayo ukiyatoa kwa mkwe yanaonekana ya kitapeli hata kama ni kweli tupu? "Ni kibodi" ni mojawapo. Akaniuliza, "Kibodi ndiyo nani? Ndiyo huyo wa pili?"

Mpwa wangu, bwana harusi mwenyewe, ambaye hata huyo mmoja ilimchukua muda kumpata, akawekwa kikao.

Nikaibeba laptopu hadi kwa fundi. Akabonyeza Y, ikatoka Z, akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari. "Kibodi imekufa, mzee. Tuweke mpya, elfu sabini." Imekufa vipi na inaandika? Maiti gani anabadilisha herufi? Akanipa njia ya pili: stika. Kuna stika za herufi unabandika juu ya kila kitufe, elfu kumi. Ningekubali, lakini zile zilizokuwepo dukani zilikuwa za Kiarabu, na mimi Kiarabu changu kinaishia kwenye Alhamdulillahi.

Fundi wa pili, mtaa wa nyuma, huyu alionekana msomi. Alivaa kitambulisho shingoni. Akaitazama kibodi akasema, "Aa, hii ni ya Kijerumani. Tuirudishe kwao." Akaingia kwenye mipangilio, akapakua, akazima, akawasha. Nikabonyeza Y, ikatoka Y! Nikataka kumkumbatia. Nikalipa, nikaondoka, nikaifungua nyumbani.

Kompyuta nzima ilikuwa inaongea Kijerumani.

Palipokuwa na mahali pa kuhifadhi sasa ni Speichern. Pa kughairi ni Abbrechen. Pa kuzima ni Herunterfahren, neno refu kuliko lenyewe jambo la kuzima. Mwanangu akanishauri nibofye yote moja baada ya nyingine nione lipi litazima. Ndivyo nilivyoizima, na ndivyo nilivyojikuta usiku ule mbele ya kioo cha kuingilia, naweka paswedi yangu ile ile ya siku zote, nakataliwa kwa Kijerumani. Naandika, inakataa. Naandika polepole kwa kidole kimoja, inakataa. Neno nililoliweza kulitambua pale ni Kennwort tu, na ilikuwa inanikana hilohilo.

Mke wangu akasema, "Baba watoto, si una binamu Hamburg?"

Ninaye. Na huyo binamu tangu kamati iundwe hapokei simu zangu, anajua ni mchango. Napiga, inaita mpaka inachoka. Napiga tena, inakatwa. Ikabidi nimwandikie kwenye WhatsApp: SI MCHANGO. Akapiga ndani ya dakika ileile. Ona upendo wa damu ulivyo.

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza swali ambalo mafundi wawili wenye vibanda hawakuwahi kuniuliza: paswedi uliiweka lini, kabla Y haijarudi kuwa Y, au baada? Nikasema kabla, ile siku Windows ilipopigwa. Ina Z ndani yake? Inayo, mbili, paswedi yenyewe ni mzazi na namba fulani mbele yake. "Basi," akasema, "wewe siku ile hukuandika mzazi. Uliandika myayi, ukafichiwa na vidoti. Andika myayi."

Nikaandika myayi. Mlango ukafunguka.

Mnaniona nilivyo? Mtu mzima, baba wa watoto, siku zote hizo nyumba yangu ilikuwa inafunguliwa kwa jina la myayi na sikuwa na habari.

Hapo ndipo binamu akanieleza siri ambayo nadhani ingefaa kuandikwa kwenye maboksi. Kitufe hakipeleki herufi. Ukikibonyeza kinapeleka namba ya mahali kilipo, basi. Kwamba hapo mahali paitwe Y au Z, hiyo inaamuliwa ndani, na jedwali lililochaguliwa kwenye mipangilio. Maandishi yaliyochapwa juu ya kitufe ni rangi tu, kompyuta haiyajui na haijawahi kuyaona. Ndivyo ilivyo daladala iliyobandikwa kibao cha Mbagala huku dereva anaelekea Bunju: utabishana na kibao mpaka ufike Bunju. Mfupa wa kibodi yangu ulikuwa mzima muda wote. Elfu sabini ya kumbadilishia marehemu asiyekufa!

Akanieleza na jambo la pili, ambalo ndilo lililomponza yule fundi msomi: lugha ya kompyuta na mpangilio wa kibodi ni vitu viwili. Unaweza kuwa na kompyuta inayoongea Kiingereza na kibodi iliyopangwa Kijerumani, havigombani. Kwa kuwa yeye Kijerumani anakisoma, akaniongoza kwa simu: ingia Einstellungen, nenda Zeit und Sprache, rudisha Kiingereza juu. Tukatoka, tukaingia tena, Kiingereza kikarudi, nikakifurahia Kiingereza kuliko nilivyowahi kukifurahia nikiwa shuleni. Kisha ukifika kwenye lugha, bofya vile vidoti vitatu pembeni ya English, ingia kwenye chaguo za lugha, ongeza kibodi, chagua German. Bure. Haiulizi hata bando.

Nikamuuliza binamu, hivi hawa wenzako waliihamishia nini Y? Akasema wao Y hawana kazi nayo, Z ndiyo mkate wao wa kila siku, tena inapenda kufuatana na T, kwa hiyo wakaileta katikati na Y wakaipeleka kona. Sawa. Kila mtu apange nyumba yake. Lakini mimi nimekaa nikafikiria Kiswahili. Sisi Y na Z zote tunazitumia asubuhi mpaka jioni. Nyumba ya, nyumba za. Barua yako, barua zako. Ukizibadilishana kwa Mwingereza umeharibu tahajia, ukizibadilishana kwetu umeongeza mali. Mtu anaandika "gari yangu", inatoka "gari zangu", kesho ndugu wanakuja kukopa. Halafu Q na X, ambazo kwa Kiswahili hatuna hata neno moja la kuziajiri, zimekaa raha mustarehe, hakuna anayezihamisha. Binamu akaniambia nishukuru haikuja ya Ufaransa, maana huko Q imepewa kiti cha A kabisa, M imehamishiwa pembeni ya L, na namba huzipati mpaka ushikilie Shift. A! Herufi inayofunga maneno yetu mengi! Ningeandika "hqrusi yq kijqnq".

Na hao waliopanga Q, W, E, R, T zenyewe wala si malaika. Ni mpangilio wa mashine ya chapa ya Mmarekani mmoja, Sholes, iliyoanza kuuzwa mwaka 1874 na Remington, ambao walikuwa watengeneza bunduki. Kutoka hapo nchi nyingine zikahamisha herufi mbili tatu kwa raha zao. Mjerumani aliondolewa Tanganyika na Vita vya Kwanza vya Dunia, zaidi ya miaka mia sasa, na bado ananipangia mimi, katika chumba changu cha kupanga Tandika, pa kuitafutia Z.

Nilidhani yameisha. Hayajaisha. Kwa kuwa sasa kompyuta ina kibodi mbili ndani, ya Marekani na ya Kijerumani, ukishika Strg na Shift kwa pamoja, hata kwa bahati mbaya, hata kwa kiwiko, inakuhamisha kimyakimya. Unaanza sentensi uko Hamburg, unaimaliza uko Chicago. Aya moja ilikuwa na "harusi ya" mwanzoni na "harusi za" mwishoni, ukiisoma unadhani kijana ameoa mara ya pili katikati ya barua. Dalili ni maandishi madogo chini kulia karibu na saa, lakini nani anaandika barua ya ukoo huku anaangalia saa? Dawa niliipata kwa binamu tena, na safari hii alipokea kwa sharti kwamba niseme "si mchango" kwanza kabla ya salamu: rudi palepale kwenye orodha, ile kibodi ya Marekani iondoe. Ikibaki moja, hakuna pa kuhamia. Nimeiondoa. Paswedi nayo nimeibadilisha, nimeweka yenye herufi zisizohamahama. Siitaji, lakini haina Z, haina Y, haina mkwaju wala @.

Ng'ombe wamepona. Elfu hamsini zimerudishiwa mkwaju na sawasawa yake. Nikiwa kwenye kompyuta ya steshenari, ya kawaida ya watu wote, sasa vidole vinakwenda kona ya chini kutafuta Y, na yule kijana ananiangalia kwa mashaka kila nikiandika "kayi". Mimi sijali.

Kilichobaki ni kadi mia mbili. Wakwe wamesema hawaji mpaka zitoke kadi mpya zenye harusi moja. Kamati ikakaa. Mwenyekiti akauliza nani atalipia kuchapa upya, na wajumbe wote, watu ambao kwenye kuchangia hawajawahi kusema kitu kimoja kwa pamoja, wakasema kwa pamoja: katibu. Nikawaeleza habari ya namba ya mahali. Nikawaeleza jedwali. Nikatoa mfano wa Bunju. Shangazi akasema yeye anachojua, kadi iliandikwa na mtu.

Sawa. Muhtasari wa kikao naandika mimi. Nimeshauandika, nimeuchapa, nimeusambaza, na umesema wazi kwamba gharama za kadi mpya zitalipwa na mwenyekiti. Amenipigia anafoka, anasema yeye alisikia "katibu", wote walisikia "katibu", ninathubutuje.

Nimemjibu kwa adabu: mzee, ni kibodi.